Ushoroba wa Giza Nyumbani: Namna ya Kuuangaza, Kuupamba na Kuufanya Njia Salama

Katika nyumba nyingi za Majengo, Kisauni, Likoni na Changamwe, mlango wa mbele hufunguka kwenye ushoroba mmoja mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uani. Vyumba vimepangwa kulia na kushoto, mara nyingi vitatu kila upande, na mlango wa kila chumba unatazama ushoroba huo. Wengine huuita korido, wengine ukumbi. Kwa jina lolote, ni sehemu ambayo kila mtu wa nyumba huipita mara nyingi kwa siku, na ndiyo sehemu ambayo kwa kawaida haina dirisha hata moja.

Matokeo yake yanajulikana. Jua la Mombasa linawaka barazani, lakini hatua tatu ndani ya mlango ni giza. Macho yaliyotoka kwenye mwanga mkali huhitaji dakika kadhaa kuzoea giza, na kwa wazee huchukua muda mrefu zaidi. Ndani ya muda huo mtu hukanyaga ndoo, hukwaa kizingiti au huteleza kwenye maji yaliyomwagika. Usiku umeme ukikatika hali huwa mbaya zaidi, na moto ukizuka, ushoroba huo huo ndio njia ya watu wote kutokea.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mkazi anaweza kuyafanya, awe mwenye nyumba au mpangaji. Tumeanza na yasiyohitaji pesa, tukafuata yanayohitaji pesa kidogo, na mwisho yanayohitaji fundi na kibali.

KWA NINI USHOROBA HUWA NA GIZA

Sababu ya kwanza ni umbo. Ushoroba wa mita 8 kwa mita moja na nusu hupata mwanga kutoka kwenye milango miwili tu, wa mbele na wa uani, na mwanga hupungua haraka kadiri unavyokwenda katikati. Milango hiyo ikifungwa kwa ajili ya usalama au stara, mwanga wote hukatika.

Sababu ya pili ni rangi. Ukuta mweupe safi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupata, takriban asilimia 80. Ukuta wa rangi nzito kama kahawia, buluu iliyoiva au kijani cha giza hurudisha kidogo sana. Mwanga uliobaki humezwa na ukuta wenyewe. Moshi wa miaka mingi wa makaa na mafuta ya taa hufanya hata ukuta uliokuwa mweupe kuwa kama ukuta wa rangi nzito.

Sababu ya tatu ni vitu. Magunia ya makaa, mitungi ya maji, baiskeli, viatu, kabati lililokosa nafasi chumbani: kila kimoja hutia kivuli na hupunguza upana wa njia. Sababu hizi mbili za mwisho ziko mikononi mwetu, hata kama umbo la nyumba hatuwezi kulibadilisha.

KWANZA, ONDOA

Kabla ya kununua rangi au balbu, toa kila kitu kilichoko ushorobani na ukiweke uani. Kisha rudisha tu kile ambacho hakina mahali pengine pa kukaa. Nyumba nyingi hugundua kwamba nusu ya vitu hivyo havijatumika kwa mwaka mzima.

Njia iliyobaki wazi iwe na upana wa angalau sentimita 90 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa upana huo mtu mwenye kiti cha magurudumu hupita bila kugonga mikono ukutani, na watu wawili wanaweza kumbeba mgonjwa. Ikiwa ushoroba wako una upana wa mita 1.2, maana yake rafu au kiti chochote kisizidi sentimita 30 kutoka ukutani, na viwekwe upande mmoja tu.

Vitu vitatu visirudi kamwe. Cha kwanza ni mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hukaa chini sakafuni na kuenea hadi vyumbani, na cheche moja inatosha kuiwasha. Cha pili ni jiko la makaa linalowaka, hata msimu wa mvua ambapo kupika uani ni taabu. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa wamelala. Cha tatu ni pikipiki na petroli yake. Ukiegesha pikipiki ndani ya ushoroba umeweka kitu cha kwanza kushika moto mbele ya mlango wa kukimbilia.

Baada ya kuondoa, osha. Kuta na dari zilizo na masizi zioshwe kwa maji na sabuni, kuanzia juu kwenda chini. Utandu wa buibui, vumbi la kwenye matundu ya hewa na vioo vya milango viondolewe. Kwa baadhi ya nyumba, kazi hii peke yake hubadilisha mwanga kiasi cha majirani kuuliza kama umepaka rangi.

UNYEVU KABLA YA RANGI

Rangi mpya juu ya ukuta wenye unyevu hubanduka ndani ya miezi michache. Tazama sehemu ya chini ya ukuta, kama mita moja kutoka sakafuni. Ukiona rangi imevimba, unga mweupe wa chumvi, au madoa meusi ya kuvu, maji yanapanda kutoka ardhini, yanavuja kutoka bomba, au yanaingia kutoka uani. Ukiona madoa karibu na dari, tazama paa. Tengeneza chanzo kwanza na uache ukuta ukauke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na msemo huo katika kazi hii ni kweli neno kwa neno.

Kuvu husafishwa kwa brashi na maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, huku milango ikiwa wazi na mikono ikiwa na glavu. Usichanganye dawa hiyo na dawa nyingine yoyote ya usafi, hasa ile ya asidi ya kusafishia choo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Ukikwangua rangi ya zamani, fanya hivyo ikiwa imelowa maji, si kavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Watoto na mama wajawazito wakae mbali hadi vumbi liondolewe kwa kitambaa chenye maji. Unaponunua rangi mpya, chagua iliyo na alama ya ubora ya KEBS na iliyoandikwa wazi kwamba haina risasi. Kiwango cha Kenya kinaweka kikomo cha risasi kwenye rangi kuwa sehemu 90 kwa kila milioni.

Wakati mzuri wa kupaka rangi hapa Pwani ni miezi ya kaskazi, kuanzia Januari hadi Machi, ambapo mvua ni chache na ukuta hukauka upesi. Rangi iliyopakwa katikati ya mvua za Mei hupata shida kushika.

RANGI IPI, NA KIASI GANI

Kwa ushoroba mwembamba, dari iwe nyeupe kabisa. Kuta mbili ndefu ziwe nyeupe au rangi hafifu sana: maziwa, manjano ya mbali, au buluu nyepesi kama ya anga ya asubuhi. Ikiwa ushoroba ni mrefu mno na unafanana na pango, ukuta wa mwisho unaweza kupakwa rangi iliyokolea kidogo kuliko kuta za pembeni. Macho huuona ukuta huo uko karibu zaidi, na ushoroba huonekana mfupi na mpana zaidi kuliko ulivyo.

Sehemu ya chini ya kuta, hadi usawa wa kiuno, ndiyo inayoshikwa na mikono ya watoto na kugongwa na mizigo. Wengi huipaka rangi ya mafuta, ambayo hufutika kwa kitambaa, na sehemu ya juu wakaipaka rangi ya maji. Huo ni uamuzi mzuri, ila sehemu ya chini isiwe ya giza sana. Milango ya vyumba nayo ipakwe rangi nyepesi. Milango sita ya kahawia katika ushoroba mmoja humeza mwanga mwingi.

Usinunue rangi kwa kukisia. Tuchukue mfano wa ushoroba wa urefu wa mita 8, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2.7. Kuta mbili ndefu zina eneo la mita za mraba 43.2. Toa milango sita ya vyumba, kila mmoja sentimita 90 kwa mita 2.1, na unabaki na takriban mita za mraba 32. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, na utahitaji mikono miwili. Hivyo kuta zinahitaji lita 6.4. Dari ina mita za mraba 12, nayo kwa mikono miwili inahitaji lita 2.4. Jumla ni lita 8.8. Makopo mawili ya lita 4 na moja la lita 1 yatatosha. Aliyenunua ndoo ya lita 20 kwa kukisia amelipa zaidi ya mara mbili ya mahitaji yake.

Kwa nyumba za mawe ya matumbawe, hasa za Mji wa Kale, ushauri ni tofauti. Kuta hizo zilijengwa na kupigwa lipu kwa chokaa, na hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukizifunika kwa saruji au rangi ya plastiki, unyevu hukwama ndani na lipu huanza kuanguka vipande vipande. Zifaazo ni chokaa. Chokaa iliyozimwa huchanganywa na maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, ukuta hulowanishwa kwanza, kisha hupakwa tabaka nyembamba tatu au zaidi, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata. Usiogope ikionekana ya kijivu ikiwa mbichi, hung'aa inapokauka. Chokaa ni rahisi, nyeupe sana, na kuvu haipendi kuota juu yake. Lakini huunguza ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu na miwani. Pia haishiki juu ya ukuta uliokwisha kupakwa rangi ya mafuta.

KUINGIZA MWANGA WA JUA

Mwanga wa bure ndio bora. Njia rahisi kuliko zote ni mlango. Mlango wa mbao uliozibwa wote unaweza kuongezewa mlango wa pili wa grili wenye wavu wa mbu, ili ule wa mbao ubaki wazi mchana. Kwa kuwa ushoroba wa nyumba zetu hupenya kutoka mbele hadi nyuma, milango yote miwili ikiwa wazi upepo wa kusi au wa kaskazi hupita na kutoa joto na harufu. Hewa inayopita pia husaidia kupunguza hatari ya kuambukizana kifua kikuu, ugonjwa unaosambaa kwa hewa hasa katika sehemu zilizofungwa na zenye watu wengi. Wavu nao ni muhimu, kwa sababu mbu wa malaria huuma usiku na yule wa homa ya dengi huuma mchana.

Wengi hufunga mlango wa mbele kwa ajili ya stara, wapita njia wasione ndani. Wazee waliojenga nyumba za mawe walilijua tatizo hili, wakaweka daka kisha kona baada ya mlango, ili mlango uwe wazi na macho ya nje yasifike ndani. Mtu ambaye nyumba yake haina kona anaweza kutumia pazia la kitambaa chepesi cheupe, lililotundikwa hatua chache ndani ya mlango. Mwanga hupenya, macho hayapenyi. Pazia zito la rangi ya giza halitakusaidia.

Njia ya pili ni juu ya milango ya vyumba. Chumba chenye dirisha kina mwanga ambao ushoroba hauna. Kidirisha kidogo cha kioo juu ya mlango wa chumba, au safu ya bloku za matundu karibu na dari, huupitisha mwanga huo hadi ushorobani bila kuondoa faragha. Kioo kisichoona, kile chenye mawimbi, ndicho kinachofaa.

Njia ya tatu ni paa, kwa nyumba ya ghorofa moja ambayo ushoroba wake hauna dari. Bati moja la plastiki linalopitisha mwanga, likiwekwa badala ya bati la kawaida katikati ya ushoroba, hutosha kuangaza sehemu iliyokuwa giza zaidi. Lichague lenye rangi ya maziwa badala ya lile linaloona kabisa, kwa sababu hutawanya mwanga na halileti joto kali sehemu moja.

Kwa asiyeweza kununua bati hilo, kuna chupa ya maji. Mwaka 2002, makanika mmoja wa Brazil, Alfredo Moser, alijaza chupa ya plastiki ya lita 2 kwa maji, akaongeza vifuniko viwili vya dawa ya kung'arishia nguo ili maji yasiote kijani, akaipachika kwenye tundu la paa. Sehemu ya juu ya chupa hupokea jua, na maji huutawanya mwanga ndani ya nyumba. Mchana wa jua chupa moja hutoa mwanga unaokaribia balbu ya zamani ya wati 40 hadi 60. Mbinu hii imeenea katika nchi nyingi. Kazi kubwa ni kuziba kingo za tundu kwa gundi isiyopitisha maji, la sivyo mvua ya kwanza itakupa tatizo jipya. Usiku chupa haitoi mwanga wowote.

TAA ZA UMEME

Ushoroba unaopitika vizuri unahitaji mwanga wa takriban lumeni 100 kwa kila mita ya mraba. Ushoroba wetu wa mfano una mita za mraba 12, kwa hiyo unahitaji lumeni 1,200. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa karibu lumeni 800, sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Balbu mbili zinatosha. Ziweke mita 2 kutoka kila mwisho, na kati yake kutakuwa na mita 4. Balbu moja yenye nguvu katikati hukuumiza macho unapopita chini yake na kuacha giza kwenye milango, mahali ambapo vizingiti viko.

Gharama si kubwa kama wengi wanavyodhani. Balbu mbili za LED za wati 9 zikiwaka kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, kila usiku kwa siku 30, hutumia uniti 6.48 za umeme. Balbu mbili za zamani za wati 60 kwa muda huo huo zingetumia uniti 43.2. Tazama ujumbe wa tokeni zako, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata, kisha zidisha. Hapo utajua gharama halisi ya taa ya ushoroba kwa mwezi, na mabishano ya wapangaji yatapungua.

Kwenye paketi ya balbu kuna namba yenye herufi K. Namba 2700 au 3000 ni mwanga wa manjano tulivu, 4000 ni mweupe wa kawaida, na 6500 ni mweupe mkali unaokaribia buluu. Kwa ushoroba, 3000 hadi 4000 hupendeza na haiumizi macho ya mtu anayeamka usiku kwenda msalani.

Omba fundi aweke swichi mbili zinazoendesha taa moja, moja karibu na mlango wa mbele na nyingine karibu na uani, ili mtu asilazimike kupita gizani kuifuata swichi. Kazi yoyote ya nyaya ifanywe na fundi aliye na leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo kabla hajaanza. Umeme wa nyumbani wa volti 240 huua, na nyaya zilizounganishwa kwa mkanda wa plastiki juu ya dari ya makuti au mbao ni chanzo cha moto. Ukiona waya ulioanguka au nguzo inayotoa cheche, usiguse. Piga simu kwa Kenya Power kwa namba 97771.

Kwa ajili ya siku umeme unapokatika, taa ndogo ya sola yenye betri, ikitundikwa karibu na mlango wa uani, ni bora mno kuliko mshumaa au koroboi. Moto wa wazi usiachwe ushorobani usiku.

MAPAMBO YANAYOONGEZA MWANGA

Pambo la ushoroba mwembamba hufuata kanuni moja: likae ukutani, lisiwe njiani.

Kioo cha kujitazamia ndicho pambo linalofanya kazi zaidi. Kitundike kwenye ukuta mrefu karibu na mlango, mahali ambapo mwanga wa nje unakifikia kwa pembeni. Kitaurudisha mwanga huo upande wa pili, na macho yataona ushoroba kama mpana zaidi. Kifungwe kwa skrubu, si kwa kamba juu ya msumari mmoja, kwani watoto hukimbia humo.

Nyumba za kale za mawe zilikuwa na zidaka, vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya ukuta, vya kuwekea sahani za kauri, vitabu na taa. Vilikuwa pambo ambalo halichukui hata sentimita moja ya njia. Kama nyumba yako inavyo, visafishe, vipake chokaa, na uweke taa ndogo ya LED ndani ya kimoja au viwili. Usivizibe. Kama haina, rafu nyembamba ya ubao ya upana wa sentimita 10 hadi 12 itafanya kazi karibu ile ile.

Leso iliyochakaa pindo lakini mji wake bado unang'aa inaweza kukatwa na kutiwa kwenye fremu, pamoja na jina lake. Leso mbili au tatu zenye usuli mweupe, zikipangwa kwa mstari mmoja, hupendeza kuliko picha kumi za saizi tofauti. Mkeka mwembamba wa ukindu, vifuniko vya kawa na vikapu vidogo vya rangi navyo hukaa vizuri kwenye ukuta mweupe. Acha nafasi kati ya pambo na pambo. Ukuta uliojaa hufanya njia ionekane nyembamba zaidi. Vitambaa vyote vikae mbali na balbu na nyaya.

Sakafuni, tandiko refu jembamba huongoza macho mbele, lakini likunjikalo au litelezalo ni mtego kwa mzee. Lifungwe kwa mkanda wa gundi pande zote mbili, au liondolewe. Kama kuna kidato au kizingiti, paka ukingo wake mstari wa manjano wa sentimita 5, ili uonekane hata mwanga ukiwa mdogo.

Mimea ya vyungu inayovumilia kivuli inaweza kukaa karibu na mlango wa uani. Sahani za chini ya vyungu zimwagwe maji na kusuguliwa kila wiki, kwa kuwa mbu wa dengi hutaga mayai kwenye maji machache kama hayo.

USHOROBA WA WAPANGAJI WENGI

Katika nyumba ambayo kila chumba kina familia yake, ushoroba ni wa wote, na mara nyingi cha wote hakina mwenyewe. Balbu ikiungua hukaa hivyo kwa miezi. Kikao kifupi cha wapangaji na mwenye nyumba kinaweza kuamua mambo manne: taa ya ushoroba iunganishwe kwenye mita ya nani na gharama yake igawanywe vipi, nani anafagia siku gani, vitu gani haviruhusiwi kuwekwa njiani, na nani anashika ufunguo wa mlango wa uani usiku. Jambo hili la mwisho ni la uhai. Mlango wa uani ukifungwa kwa kufuli na ufunguo uko na mtu mmoja aliyesafiri, moto ukizuka mbele hakuna pa kutokea. Maamuzi yaandikwe na kubandikwa ukutani.

Mpangaji anayetaka kupaka rangi au kubadilisha taa apate kwanza ruhusa ya mwenye nyumba, ikiwezekana kwa maandishi, na wakubaliane mapema kama gharama itakatwa kwenye kodi. Na mwenye nyumba akumbuke kwamba chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, jengo linalotunzwa kwa namna inayohatarisha afya ya wakaaji huhesabiwa kuwa kero, na hatua zinaweza kuchukuliwa dhidi yake. Mkazi ambaye ushoroba wake una maji taka, moshi au hewa iliyokufa, na mazungumzo yameshindikana, anaweza kumwona afisa wa afya ya umma wa wadi yake.

KAZI ZINAZOHITAJI KIBALI

Kuosha, kupaka rangi ndani, kubadilisha balbu na kutundika mapambo hakuhitaji kibali. Kuvunja ukuta, kufungua dirisha jipya au kubadilisha muundo wa paa ni jambo jingine: ulizia kwanza katika idara ya kaunti inayoshughulikia ardhi na mipango ya miji, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Ukuta unaoonekana kama wa kugawa vyumba tu huenda ndio unaobeba paa.

Wakazi wa eneo la hifadhi la Mji wa Kale washauriane pia na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kugusa milango ya kuchonga, madirisha, roshani au zidaka. Mafundi wanaojua chokaa na matumbawe wapo, na ushauri wa mapema ni nafuu kuliko kubomoa ulichojenga.

MPANGILIO WA KAZI

Ili pesa isipotee, fuata utaratibu huu:

1. Toa vitu vyote, rudisha vya lazima tu, na acha njia ya sentimita 90.
2. Osha dari, kuta, milango na matundu ya hewa.
3. Tafuta chanzo cha unyevu na ukitengeneze. Acha ukuta ukauke.
4. Fundi wa umeme afanye kazi yake kabla ya rangi, kwa sababu atachimba ukuta.
5. Fungua njia za mwanga wa jua: wavu, vidirisha, bati au chupa.
6. Paka dari, kisha kuta, kisha milango, na mwisho mistari ya vizingiti.
7. Tundika kioo na mapambo.
8. Kubalianeni na majirani kuhusu taa, usafi na ufunguo wa mlango wa uani.

Si lazima yote yafanyike mwezi mmoja. Haba na haba hujaza kibaba: hatua mbili za kwanza ni sabuni, maji na Jumamosi moja. Ukimaliza, fanya jaribio moja. Saa 2 usiku, zima taa za vyumbani, washa ya ushorobani tu, na umwombe mzee wa nyumba apite kutoka barazani hadi uani bila kushika ukuta. Popote atakaposita, hapo ndipo pa kurekebisha.

Kwa dharura ya moto au ajali nyumbani, piga 999 au 112.